Mgeni njoo, mwenyeji apone: barua ya wazi kwa watengenezaji wa filamu ya Community

Kwa wakuu wa Peacock na NBCUniversal, kwa wakuu wa Sony Pictures Television, na kwa ndugu Dan Harmon na ndugu Andrew Guest mliokabidhiwa kazi ya kuiandika.



Tarehe 30 Septemba 2022 mlitangaza kwamba Community, tamthilia ya vichekesho ambayo NBC iliifuta mwaka 2014 na ambayo ilizimika kabisa mwaka uliofuata, itarudi kama filamu. Tulishangilia. Kisha ukaja mgomo wa waandishi wa Hollywood mwezi Mei 2023, ukafuatiwa na wa waigizaji mwezi Julai, na kufikia Novemba, migomo yote miwili ilipokuwa imekwisha, kila mwigizaji alikuwa ameshajaza kalenda yake. Tangu hapo tumekuwa tukisikia habari za rasimu na za ratiba, na filamu yenyewe tunaingoja.

Nina ombi moja, na najua halifanani na maombi mengi mnayoletewa na mashabiki wenzangu. Wao wanataka vita vya bunduki za rangi virudi, mhusika Magnitude aseme lile neno lake, na kila mtu aliyewahi kukatiza kwenye korido za chuo cha Greendale apewe dakika yake mbele ya kamera. Nawaelewa, kwa sababu nami yote hayo nayapenda. Lakini naomba filamu hii msitutengenezee sisi. Mtengenezeeni mtu ambaye hajawahi kuona hata sehemu moja ya Community, asiyemjua Jeff wala Abed, asiyejua kwa nini watu wazima wenye watoto wanahangaika na habari za chuo cha kubuni kilichoko Colorado. Huyo ndiye mwenye haki ya kwanza juu ya filamu hii. Nitawaeleza kwa nini naamini hivyo.

Kwa kuwa barua ni ya wazi na watakaoisoma wengine ndio hao hao wageni ninaowatetea, niseme kidogo kuhusu tamthilia yenyewe. Jeff Winger ni wakili aliyesimamishwa kazi baada ya kugundulika kwamba shahada yake si halali. Anajiandikisha Greendale, chuo cha aina ile ambayo ada yake ni nafuu na mlango wake uko wazi kwa yeyote, wa umri wowote, mwenye historia yoyote. Kwenye darasa la Kihispania anamtamani Britta, basi anamwambia kwamba ana kikundi cha kujisomea. Kikundi hakikuwepo. Britta anakuja na Abed, na nyuma ya Abed wanaingia wengine: Shirley, mama aliyeachwa na mumewe, Annie, binti hodari wa masomo aliyeangushwa na vidonge akiwa sekondari, Troy, nyota wa mpira wa Kimarekani aliyepoteza ufadhili wake, na Pierce, mzee tajiri aliyeoa na kuachana mara saba. Watu saba kwenye meza moja ya maktaba, na hakuna aliyemchagua mwenzake. Uongo wa Jeff unageuka familia, na hicho ndicho kisa chote cha misimu sita na sehemu 110.

Ilianza NBC tarehe 17 Septemba 2009. Muda si mrefu ikajikuta Alhamisi saa mbili usiku, saa ile ile ambayo CBS ilikuwa ikirusha The Big Bang Theory, iliyokuwa na watazamaji wengi kupindukia. Novemba 2011 NBC ilitangaza ratiba ya miezi iliyofuata na Community haikuwemo. Desemba ile mashabiki walikusanyika mbele ya jengo la NBC pale Rockefeller, New York, baadhi yao wakiwa wamejibandika ndevu nyeusi za kitambaa kama Abed mwovu wa kwenye tamthilia, wakaimba kwenye baridi. Ikarudishwa. Mei 2012 mwanzilishi wake, Harmon, akaondolewa. Msimu wa nne ukaandikwa bila yeye, na wa tano akaitwa tena. Mei 2014 NBC ikaifuta. Tarehe 30 Juni mwaka huo, siku mikataba ya waigizaji ilipokuwa inamalizika, Yahoo ikaichukua kwa msimu wa sita. Mwaka 2015 Yahoo hiyo hiyo ikawaeleza wawekezaji kwamba imefuta dola milioni 42 kwenye vitabu vyake kwa sababu ya vipindi vyake vitatu, hiki kikiwa kimojawapo, na Januari 2016 jukwaa lake la video likafungwa.

Katika misukosuko yote hiyo tulishikilia kauli moja: misimu sita na filamu. Asili yake ni kitu kidogo sana. Kwenye sehemu moja ya msimu wa pili Abed anaonekana akikimbia ndani ya mkahawa wa chuo amejifunga joho, kwa mapenzi ya The Cape, tamthilia ya shujaa iliyokuwa imeanza karibuni kwenye NBC. Jeff anamfokea kwamba kipindi hicho hakitafika wiki tatu, na Abed anamjibu kwa kauli hiyo. The Cape kilikufa baada ya sehemu kumi. Kauli ikabaki, tukaichukua, tukaiandika kwenye fulana na kwenye mabango, na sehemu ya mwisho kabisa, iliyotoka tarehe 2 Juni 2015, ilimalizika kwa kutukumbusha kwamba filamu bado tunadaiwa.

Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia. Filamu inayotengenezwa kulipa deni ina hatari ya kumtazama mdai peke yake. Itahesabu: mmetaka hiki, hiki hapa, mmetaka kile, kile kule. Mwisho wa dakika 100 deni litakuwa limelipwa na hakuna mtu mpya hata mmoja atakayekuwa ameipenda Greendale.

Tumeshayaona haya. Mwaka 2013 mashabiki wa Veronica Mars walichanga zaidi ya dola milioni 5.7, watu zaidi ya 91,000, ili tamthilia yao iliyofutwa mwaka 2007 ipate filamu. Lilikuwa jambo kubwa na la heshima, na filamu ilipotoka mwaka 2014 ilikuwa na uungwana wake. Lakini kisa chake kimejengwa juu ya sherehe ya wanafunzi wa zamani wa sekondari kukutana tena baada ya miaka kumi, na mtazamaji asiyekuwa miongoni mwao anakaa ukumbini kama mtu aliyeingia kwenye harusi asiyojua ni ya nani. Waliochanga walifurahi, na haki yao. Wengine hawakuwa na la kufanya humo ndani.

Somo lililo chungu zaidi ni la Arrested Development. Hiyo Fox waliifuta mwaka 2006 baada ya misimu mitatu na sehemu 53, ingawa ilikuwa imenyakua Emmy ya tamthilia bora ya vichekesho mwaka 2004. Kwa miaka watu waliahidiwa filamu. Filamu haikuja, ulikuja msimu wa nne kwenye Netflix, Mei 2013, sehemu 15 kwa mpigo. Waigizaji walikuwa wameshakuwa wakubwa, ratiba zao hazikukutana, kwa hiyo kila sehemu ikamfuata mtu mmoja, na familia ya Bluth, ambayo utamu wake wote ulikuwa kukatizana maneno ndani ya chumba kimoja, ikasambaratishwa. Mwaka 2018 mtunzi wake, Mitchell Hurwitz, aliukatakata msimu huo na kuupanga upya kwa mfuatano wa matukio, ukawa sehemu 22. Kupanga upya kulisaidia hesabu ya matukio. Hakukuweza kuwarudisha watu kwenye chumba ambacho hawakuwahi kukaa pamoja.

Nawasihi msije mkafanya hivyo na meza ya Greendale. Afadhali tungoje mwaka mwingine, na mwingine juu yake, kuliko Donald Glover, Troy wetu, arekodiwe London, Alison Brie, Annie wetu, arekodiwe Los Angeles, na kompyuta iwaketishe pamoja. Najua kwamba Glover si yule kijana wa 2009. Ametengeneza Atlanta, amechukua tuzo za Grammy, na kumpata kwa wiki chache ni kazi. Najua Yvette Nicole Brown, aliyemcheza Shirley, aliondoka baada ya msimu wa tano ili amuuguze baba yake, na kwamba kufikia mwisho wa tamthilia ni wanne tu kati ya wale saba wa mwanzo waliokuwa bado mezani. Ndiyo sababu ninalisisitiza hili. Filamu ni nafasi ya kurekebisha hilo, nafasi ambayo televisheni haikuwapa.

Ushahidi wa ninachosema mmeuandika wenyewe. Tarehe 13 Oktoba 2011 mlirusha sehemu iliyoandikwa na Chris McKenna, ambayo iliteuliwa kuwania Emmy ya uandishi. Troy na Abed wamehamia nyumba mpya, wamewaalika wenzao, na pizza imefika mlango wa chini. Mtu mmoja lazima ashuke kuichukua. Jeff anapendekeza warushe dadu: kila namba na mtu wake. Dadu inaruka, na kuanzia hapo tunaona jinsi usiku ule ungekwenda kama angeshuka Annie, kama angeshuka Shirley, kama angeshuka Pierce, mmoja mmoja. Chumba ni kile kile. Britta anaanza kuimba wimbo, Jeff anamkatiza. Jeff anasimama, kichwa kinagonga feni. Pai za Shirley ziko kwenye jiko. Lakini kila anapotoka mtu mmoja, wanaobaki wanageuka. Akitoka Troy, kijana mpole asiye na neno na mtu, nyumba inawaka moto na Pierce anapigwa risasi, na Troy anarudi na maboksi ya pizza mkononi akute maangamizi. Mwishoni kabisa Abed anaidaka dadu hewani kabla haijatua. Amegundua kwamba dadu ina pande sita na wao ni saba: Jeff alijitoa kwenye hesabu mapema. Basi Jeff ndiye anayeshuka, na kwa mara ya kwanza Britta anaimba mpaka mwisho, wenzake wanajiunga, wote wanacheza.

Dakika 21, chumba kimoja, dadu moja. Sijaona hesabu ya wazi zaidi ya thamani ya mtu ndani ya kundi. Na mtu asiyewajua kabisa anaweza kuketi akaielewa, kwa sababu kila kinachohitajika kimewekwa mbele yake.

Hilo la mwisho nalisema kwa kujua, maana mimi nilikuwa mgeni. Huku kwetu Dar es Salaam Community haikupita kwenye kituo chochote nilichokuwa nacho nyumbani. Ilipita kwenye flashi, kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na faili hazikuwa na mpangilio. Sehemu ya kwanza niliyoifungua ilikuwa ya 23 ya msimu wa kwanza, ile ya vita vya bunduki za rangi iliyoongozwa na Justin Lin. Sikumjua hata mtu mmoja. Lakini tazameni mlivyoifungua: Jeff amelala ndani ya gari lake. Anaamka, anatoka, anakuta chuo kimegeuka magofu, karatasi zinapeperuka, kuta zimejaa rangi, watu wamelala chini. Hajui kilichotokea, nami sijui. Anaanza kuuliza, nami napata majibu pamoja naye. Kufikia nusu ya sehemu nilikuwa namwogopea Shirley kana kwamba tumesoma wote. Nilipoizima nikatafuta ya kwanza kabisa, nikaanza upya. Hiyo ndiyo njia niliyoingilia, na mlango ule mliuacha wazi kwa ufundi tu, kwa kumlaza mhusika mkuu usingizi.

Wahenga wa lugha yangu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Anapokuja mgeni, nyumba inafagiliwa, chakula kinapikwa, na wenyeji nao wanakula vizuri kuliko siku zote. Mkimwandikia mgeni, sisi mashabiki tutashiba. Mkituandikia sisi, mgeni atakufa njaa, nasi tutakula makombo ya mwaka 2011.

Hata historia ya jambo hili inaniunga mkono. Machi 1982 ABC ilianza kurusha Police Squad!, vichekesho vya polisi vya Jim Abrahams na ndugu wawili, David na Jerry Zucker, waliokuwa wametoka kutengeneza Airplane!. Ziliandaliwa sehemu sita tu. Ikafutwa, na sababu iliyotolewa na mkuu mmoja wa ABC wakati ule ni kwamba kipindi kilimtaka mtazamaji awe anakitazama kweli kweli. Ilikuwa na mashabiki wachache wenye mapenzi makubwa, kama yetu. Desemba 1988 watu wale wale, pamoja na mwigizaji wao mkuu yule yule, Leslie Nielsen, walitoa The Naked Gun.

Angalieni walichokifanya katika dakika za mwanzo. Hawakuanza ofisini kwa Frank Drebin, polisi anayechezwa na Nielsen, hawakumkumbusha mtu yeyote chochote. Walianza Beirut, kwenye kikao cha siri cha maadui wa Marekani: Khomeini, Gaddafi, Gorbachev, na hata Idi Amin wetu wa jirani amekaa hapo. Kumbe miongoni mwa wahudumu kuna Drebin aliyejibadilisha, na anawacharaza wote, halafu anamfuta Gorbachev ile alama ya kwenye kipaji. Mtu wa Kampala angeweza kucheka tukio hilo bila kujua kwamba Police Squad! imewahi kuwepo. Utani kadhaa wa kwenye televisheni waliutumia tena bila aibu, kwa kuwa kwa watazamaji wengi ulikuwa mpya. Baadhi ya waigizaji walibadilishwa, kwa mfano bosi wa Drebin sasa alikuwa George Kennedy, na filamu haikusimama kujieleza. Iliingiza zaidi ya dola milioni 78 Marekani peke yake, ikazaa nyingine mbili, 1991 na 1994, na mwaka 2025 jina hilo limerudi tena na Liam Neeson. Sehemu sita zilizofutwa, na miaka 43 baadaye bado zinazaa. Wapo watu wengi wanaoipenda The Naked Gun mpaka leo ambao hawajui ilitokana na nini, na hakuna walichopungukiwa.

Mtaniambia Community ni tofauti, kwamba utamu wake uko kwenye historia ya wale watu, na huwezi kuifuta. Ni kweli, na sisemi muifute. Pierce alifariki ndani ya kisa na Chevy Chase, aliyemcheza, aliondoka mwaka 2012. Hilo liachwe lilivyo, lisichokonolewe. Troy alipanda mashua na mwigizaji LeVar Burton kwenda kuizunguka dunia ili apate urithi wa Pierce, na baadaye tukasikia kwenye habari za humo ndani kwamba maharamia wameiteka. Huyo lazima arudi, na kurudi kwake kuna kisa. Annie alikwenda Washington kwenye mafunzo ya FBI, Abed alikwenda Los Angeles kufanya kazi kwenye tamthilia ya televisheni, Jeff akabaki kufundisha chuo ambacho hakutaka hata kukisomea. Mtu mgeni akiambiwa hayo kwa dakika tatu atataka kujua zaidi. Marafiki waliotawanyika, mmoja aliyebaki kijijini anawahesabu waliokwenda mjini: hapa Tanzania hakuna asiyekijua kisa hicho. Ninachokataa ni utani ambao kuucheka kunahitaji cheti cha kuhudhuria misimu yote sita.

Wala msitishwe na ukubwa wa watu mliowalea. Anthony na Joe Russo, walioongoza sehemu ya kwanza kabisa, wakaja kuongoza Avengers: Endgame. Justin Lin alikuwa ameshaanza na magari yake ya Fast & Furious. McKenna na mwenzake Erik Sommers wameandika filamu za Spider-Man. Jim Rash, mkuu wetu wa chuo Craig Pelton, ana Oscar ya uandishi wa The Descendants. Ludwig Göransson, aliyewatungia muziki, alisafiri mpaka Senegal na mwanamuziki Baaba Maal kutafuta ala za Black Panther, akapata Oscar kwa kazi hiyo na nyingine kwa Oppenheimer. Kishawishi cha kuonyesha ukubwa huo kwenye picha kitakuwa kikubwa: sura maarufu kila kona, mlipuko, helikopta. Göransson mleteni, tafadhali, kwa sababu muziki wake ndio uliokuwa ukitubadilishia kicheko kuwa machozi ndani ya sekunde tano. Ukubwa mwingine uacheni mlangoni. Sisi tuliokua tukitazama Vioja Mahakamani vya KBC, chumba kimoja cha mahakama, meza na kizimba, tunajua kwamba vichekesho havidai nafasi kubwa. Vinadai watu wanaosikilizana.

Niseme sasa jambo lililo karibu zaidi na moyo wangu, nalo ni Abed Nadir. Baba yake ni Mpalestina mwenye mgahawa wa falafel, mama yake ana asili ya Poland. Kwa sisi wa pwani hii, ambao majina yetu huko Hollywood mara nyingi tunayakuta kwa mtega bomu au kwa dereva wa teksi, kumwona mwaka 2009 kijana wa Kiislamu ambaye shughuli yake kubwa maishani ni kupenda filamu lilikuwa jambo la kututoa usingizini. Danny Pudi alimcheza kwa heshima. Dini yake haikuwa tishio na haikuwa mzaha, ilikuwa yake.

Katika sehemu ya tatu ya msimu wa kwanza, Abed anataka kusomea filamu na baba yake hataki. Baba anataka mwana arithi mgahawa. Britta anamlipia Abed darasa, Abed anapewa kamera, na siku zote tunazomwona akiwachokoza Jeff na Britta mpaka wanagombana, kumbe anawarekodi. Mwishoni anawaonyesha watu filamu yake fupi. Jeff amekuwa baba, Britta amekuwa mama, na maneno yao ya hasira yamekuwa ugomvi wa wazazi wake, mpaka mama anapoondoka na mtoto anabaki akiamini kwamba sababu ni yeye. Baba ameketi kati ya watazamaji. Hajui lugha ya filamu, hajawahi kuiheshimu, alikuja kumchukua mwanawe arudi kazini. Anatazama, na machozi yanamtoka. Anakubali kulipa ada.

Ndugu Harmon, filamu ile Abed hakuwatengenezea wanafilamu wenzake wa Greendale, ambao wangeielewa bila taabu. Alimtengenezea mtu mmoja aliyekuwa mbali kabisa nayo, akamwekea kila kitu anachohitaji ili aelewe, na ikamfikia. Miaka yote hii nimekuwa nikiamini kwamba pale mlishaandika jinsi filamu ya Community inavyopaswa kuwa, miaka 13 kabla ya kutangazwa kwake. Andikeni hiyo. Andikeni kwa ajili ya yule baba.

Na kwa wakuu wenye mamlaka ya kusambaza, nina neno moja la biashara. Peacock haiuzwi Dar es Salaam, haiuzwi Mombasa, haiuzwi Bujumbura. Lakini njia ya kutufikia mliwahi kuipata: Machi 2023 NBCUniversal ilitangaza ubia na MultiChoice katika Showmax, na Februari 2024 Showmax mpya ikazinduliwa barani humu ikitumia teknolojia ya Peacock. Filamu hii isibaki nyuma ya geti la Marekani kwa miaka huku sisi tukirudi kwenye flashi. Iwekeni kwenye kumbi za sinema, hata kwa wiki mbili, kwa kuwa vichekesho vikitazamwa na watu 200 gizani ni kitu kingine kabisa. Halafu iuzwe huku kwa bei ambayo mtu mwenye bando la kawaida anaimudu, na iwekewe maandishi ya Kiswahili chini ya picha, yaliyofanywa na mtu anayeandika vichekesho kwa Kiswahili. DJ Afro wa Kenya amewafundisha mamilioni kufurahia filamu za mapigano za Hollywood na za China kwa kuzisimulia upya kwa Kiswahili cha mtaani. Hadhira ipo na ina masikio makali. Abed na Troy wakiongea kwa kasi ile, mfasiri wa mashine atawaua wote wawili.

Kauli yetu ilitaja vitu viwili. Misimu sita tulipata, kwa jasho lenu na kwa kelele zetu. Kilichobaki ni kimoja. Waketisheni waigizaji wenu, Joel McHale, Gillian Jacobs, Danny Pudi, Alison Brie, Donald Glover, Yvette Nicole Brown, Ken Jeong na Jim Rash kwenye chumba kimoja, kwa siku zile zile, fungeni simu zao, halafu washeni kamera. Kama hilo linataka mwaka mzima wa kupatanisha kalenda, chukueni mwaka mzima, lakini tuambieni. Tunaomba mtaje tarehe.

Wenu,
Mtazamaji wa Greendale, Dar es Salaam